Rudia, Simu Haikunasa

Mwanamume akikuposa wakati nywele zako zimejaa sukari ya unga, ujue amekupenda kweli. Akikuposa wakati umeshika mfuko wa krimu, na keki ya harusi ya watu wengine imesimama katikati yenu kama mkwe mkorofi, hapo ujue kwake maji yamezidi unga.

Hivyo ndivyo Fundi Taratibu alivyomposa Bi Keki, mchana wa jua kali, ndani ya chumba cha kuokea chenye oveni mbili na feni moja iliyokuwa ikizunguka kwa kuombewa.

Majina hayo walipewa na mtaa, si wazazi. Fundi Taratibu alikuwa fundi wa vigae. Alilaza kigae kimoja, akakiwekea pima maji, akakigonga kwa kidole cha kati, kisha akainamisha sikio kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Kigae kilichoshika kinajibu kwa sauti nzito. Kisichoshika kinalia tupu, na kinacholia tupu hakichukui muda kupasuka. Watu walisema ukitaka akutandikie sakafu ya chumba cha mtoto, mwite kabla hujaolewa.

Bi Keki naye alikuwa na sheria yake: keki haitoki mlangoni kabla haijarekodiwa pande tatu, mbele, ubavuni na kwa juu. Mtandaoni alifuatwa na watu ambao ukiwajaza uwanja wa mpira, wengine wangekaa juu ya mlingoti wa goli. Na neno lake lililojulikana kuliko jina lake lilikuwa "Rudia!" Watoto walizima mishumaa, akaiwasha, wakazima tena. Kuna bwana harusi mmoja alirudishwa kukata keki hadi keki ikaisha, akabaki anakata hewa, na video ikatoka nzuri sana.

Hata kukutana kwao kulianzia kwenye simu. Fundi alikuja kutandika sakafu ya chumba kile kile cha kuokea, akawa amepiga magoti kutwa nzima, na Bi Keki akamrekodi kwa nyuma bila kumwambia. Video ya kisogo cha fundi ilitazamwa kuliko keki yoyote. Wanawake wasiojulikana wakaanza kuja dukani, hawanunui kitu, wanauliza: "Yule kisogo yupo leo?" Fundi alicheka siku hizo. Alicheka, lakini kofia hakuivua tena.

Sasa, kuhusu ile posa. Bi Keki alikumbuka kila kitu. Alikumbuka fundi alivyoweka chini mfuko wa sukari aliotumwa kuleta, alivyojifuta mikono kwenye suruali, na jinsi macho yake yaliyozoea kutazama sakafu yalivyonyanyuka polepole hadi yakatua juu ya uso wake yakakataa kuondoka. Alikumbuka maneno matamu yaliyotoka yamefuatana kama shanga kwenye uzi, kwamba wazeeke pamoja, kwamba nyumba bila yeye si nyumba. Na alikumbuka kwamba yeye alisema ndiyo. Hilo angeapa hata mbele ya hakimu. Alisema ndiyo, goti lake likagonga mguu wa meza, keki ya watu ikatikisika.

Kisha akakimbilia kwenye stendi ya simu iliyokuwa ikirekodi keki.

"Jamani!" Akashika kichwa. "Haikunasa! Krimu imeziba kamera, nyeupe tupu!" Akaifuta simu kwa ncha ya aproni, akairudisha kwenye stendi, akamgeukia mchumba kwa ule uso wake wa kazini. "Rudia, mpenzi. Sogea kidogo kwenye mwanga. Anzia pale ulipoweka mfuko chini."

Fundi hakusogea.

"Nirudie nini?"

"Ulichosema."

"Chote?"

"Chote. Na ile ya kujifuta mikono usiisahau, ilipendeza."

Fundi akatazama mikono yake kana kwamba ameiazima. "Bi Keki," akasema, na kwa kuwa siku zote alimwita malaika, moyo wa binti ukaruka pigo moja. "Kuna vitu havirudiwi. Kigae kikishalazwa, gundi ikaanza kushika, ukikisogeza umekiua. Utakiona kimekaa, kimenyooka, kinang'aa. Kigonge sasa. Kinalia tupu."

"Mimi si sakafu."

"Na mimi si keki."

Feni ikazunguka. Bi Keki akaweka mfuko wa krimu mezani, taratibu, kama mtu anayeweka silaha chini lakini anajua ilipo.

"Unaona aibu kunipenda mbele za watu?"

"Kukupenda sioni aibu. Naona aibu kujiigiza. Nitasimama hapo, nitajifuta mikono ambayo si michafu, nitasema maneno niliyokwisha kuyasema. Halafu watu wako watatuma mioyo myekundu, na mimi nitakuwa sijui tena ipi ndiyo posa yangu."

"Zote mbili ni zako!"

"Ya pili ni yao." Akavuta pumzi. "Wewe ukishika simu uso unabadilika. Unanitazama kama unatafuta upande wangu mzuri uko wapi."

"Nikiupata je?"

"Unapiga picha, unaondoka."

Hapo Bi Keki akapandwa na hasira. Hakuwa mwanamke wa kulia kwanza na kusema baadaye. Yeye husema kwanza.

"Nisikilize, fundi. Kazi yako inakanyagwa na wajukuu na bado ipo. Kazi yangu inaliwa! Naamka gizani, nasimama hadi miguu inavimba, jioni kinachobaki ni kisu na makombo. Nisiporekodi nitaonyesha nini? Niwaombe watu waniamini mdomo? Simu hiyo unayoinunia ndiyo pekee inayosema kwamba nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi?" akauliza fundi kwa upole, na upole huo uliuma kuliko kofi. "Mimi nilikuwa hapa. Nilikutafuta, sikukuona." Akaokota kofia yake. "Naanza kutandika jiko la mama. Ukiwa na jibu, nitakuwa huko."

Akatoka. Mlango wa wavu ukajipiga nyuma yake.

"Jibu gani tena?" Bi Keki akaiuliza keki. "Si nimeshamjibu?"

Pazia la dukani likafunguka na Shangazi akaingia. Huyu ndiye dada wa baba yake aliyemlea, na sasa ndiye aliyekaa kwenye kaunta na kuwajibu watu mtandaoni, kwa herufi kubwa tupu, kama anayepiga kelele ng'ambo ya mto. Alikuwa amesikia yote. Pazia lile halikuwahi kumzuia kusikia chochote.

"Mwanamume asiyetaka kurekodiwa," akasema, "ana mke mahali."

"Shangazi!"

"Au anatafutwa."

"Hana mke, hatafutwi. Ana mama tu."

"Afadhali angekuwa na mke." Shangazi akachovya kidole kwenye bakuli la krimu. "Yule mama si ndiye aliyesema macho yako yameolewa na simu, mwanawe atatazamwa na yapi? Mimi nakwambia, wewe mtoto, posa isiyoonekana na mtu ni kama haikutokea. Kesho akikana je? Utamleta nani shahidi, oveni?"

Bi Keki alikuwa anatazama kigae kilicho karibu na mlango, pale viatu vya fundi vilipokuwa vimesimama, na akashangaa jinsi mahali padogo namna ile panavyoweza kuonekana pakubwa pakiwa patupu.

Siku zikapita, na kila mmoja akashikilia kamba upande wake. Bi Keki aliendelea kupamba keki, tena nzuri, maana hasira ina mkono wake katika mapambo. Ila alianza tabia mpya. Akipita mezani, anagonga kwa kidole cha kati. Akifunga boksi la keki, anagonga. Akilala, anagonga ubao wa kitanda, anasikiliza.

"Unatafuta mchwa?" Shangazi akamuuliza.

"Sitafuti kitu."

"Basi nenda kamwombe radhi."

"Nimwombe radhi kwa lipi? Mimi nilikubali! Nimesema ndiyo kwa kinywa changu, yeye akanuna. Aliyekubali ndiye arudi kupiga magoti?"

"Mimi nilisikia mlio wa meza tu," akasema Shangazi. "Lakini feni ile nayo ina kelele."

Ukweli ulikuja kwa njia ya usumbufu, kama kawaida yake. Bi Keki alikuwa anarekodi keki ya mahafali, yuko katikati ya waridi la mwisho, simu ikagoma: imejaa. Akakaa kwenye kiti kirefu, akaanza kufuta video za zamani moja baada ya nyingine, hadi akafika kwenye ile nyeupe. Kidole kilikuwa kimeshainuka kuifuta. Ndipo akasikia feni.

Video ilikuwa nyeupe, ndiyo. Lakini krimu huziba jicho la simu, haizibi sikio.

Akasikia hatua. Akasikia mfuko ukitua chini. Kisha sauti nyembamba, inayotetemeka kama mguu wa meza mbovu, sauti ambayo kwanza hakuitambua.

"Nimeleta... ile sukari. Ya unga. Hawakuwa na ile ya... hapana. Si sukari. Sukari si kitu. Yaani sukari ni kitu, lakini sukari..." Kikohozi. "Nyumba yangu ina vyumba viwili. Kimoja kinalia tupu. Nimekigonga kila mahali, sakafu yake ni nzima. Ni chumba chenyewe ndicho kitupu. Basi... njoo. Ukipenda. Uwe mke wangu. Basi."

Bi Keki akaweka mkono mdomoni. Shanga zilikuwa wapi? Kuzeeka pamoja kulikuwa wapi? Hakuna. Yale maneno matamu aliyoyabeba kichwani siku zote hizo aliyatunga mwenyewe, akayapamba kama anavyopamba keki, tabaka juu ya tabaka, hadi kilicho ndani kikafunikwa. Na kilicho ndani kilikuwa kitamu mara mia. Machozi yakamtoka hapo hapo bila kumwomba ruhusa.

"Nini?" Shangazi akachungulia. "Nani kafa?"

"Nyamaza, shangazi. Sasa ndipo ninaposema ndiyo. Sikiliza."

Wakasikiliza wote wawili, vichwa vimegusana. Feni ikazunguka. Ikazunguka tena. Goti likagonga meza. Kisha ikaja sauti changamfu ya mwanamke, sauti ya kazini, sauti ya mtu anayepanga watoto kwa ajili ya picha:

"Subiri! Usisogee, hapo hapo, mwanga umekukaa vizuri! Ngoja nione kama simu imenasa."

Basi. Bi Keki akarudisha nyuma. Akaongeza sauti hadi mwisho. Akaweka simu sikioni kama anayempigia mtu aliye mbali sana. Ndiyo haikuwepo.

"Labda uliisema moyoni," Shangazi akasema, kwa sauti ndogo ambayo kwake ilikuwa ngeni.

"Moyoni, shangazi? Yeye ana sikio la kufika huko?" Akajifuta uso, sukari ikaganda shavuni. "Maskini. Alisimama pale anangoja jibu, mimi nampanga kwenye mwanga. Halafu nikamwambia arudie."

Shangazi akakohoa. "Lakini mwanangu, kwa upande mwingine... 'Chumba kimoja kinalia tupu.' Hii tukiirusha hivi hivi, nyeupe, na maneno kidogo kwa chini, watu watalia hadi simu zao ziingie maji."

"Hairushwi."

"Hata nusu?"

"Hata feni." Bi Keki akafungua aproni. "Hii haijaisha, shangazi. Kitu ambacho hakijaisha hakitoki mlangoni. Vaa viatu."

"Mimi nakwenda wapi?"

"Kwa mama mkwe."

Mama mtu walimkuta nyuma ya nyumba, amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameshika kikombe cha chai kwenye dirisha la jiko. Kikombe hakikupita kwenye nondo, kwa hiyo alikuwa ametumbukiza mrija mrefu, na ncha ya pili ya mrija ilikuwa imeingia ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama hakugeuka. "Umekuja na hiyo simu yako?"

"Nimekuja nayo."

"Angalau uongo huna. Na huyo uliye naye ni nani?"

"Shangazi yangu."

"Karibu, shangazi wa herufi kubwa. Nakuonaga mtandaoni." Mama akashuka kwenye ndoo, akawatazama kuanzia viatu kupanda juu. "Mtazameni mliyemharibu. Mwanangu tangu aanze ufundi hulaza vigae kutoka ukuta wa mwisho kurudi mlangoni. Hata kuku anajua hivyo. Leo ameanzia mlangoni! Amelaza, anaguna, analaza, anatazama hewa, mara anastuka yuko kona ya jiko, nyuma ukuta, kushoto ukuta, mbele sakafu mbichi. Dirisha lina nondo, alizichomelea mwenyewe. Hatoki hadi kesho. Miaka yote nimelilia hili jiko, leo limenizalia mfungwa!"

Kutoka ndani mrija ukatoa mlio wa chai kuisha.

"Mama," sauti ya fundi ikasema, "unazungumza na nani?"

Bi Keki hakungoja kutangazwa. Akapita ukumbini, akafika mlango wa jiko, akasimama pale kizingiti kinapoishia. Mbele yake sakafu nzima iling'aa, vigae vyeupe vimejipanga kama meno ya mtoto, na vijiti vidogo vya plastiki vya kuvitenganisha vimesimama kwenye kila kona. Mwisho kabisa, juu ya kipande cha saruji kisichozidi mkeka wa mlangoni, alikaa Fundi Taratibu, magoti kifuani, mwiko mkononi.

"Usikanyage!" akasema fundi haraka.

"Sikanyagi."

Wakatazamana. Ni mwendo mfupi kuvuka jiko, mwanamke mwenye haraka ya chungu huuvuka bila kuuhesabu. Lakini wawili wale walitazamana kama walio kwenye vilima viwili. Fundi alikuwa amekonda kidogo mashavuni. Kofia alikuwa ameivua. Bi Keki akagundua kwamba tangu amjue hajawahi kumtazama muda mrefu hivi bila kioo cha simu katikati, na kwamba upande mzuri wa mwanamume huyu alikuwa ameutafuta bure. Alikuwa mzuri pande zote.

"Nimekuja na jibu," akasema. "Lakini kwanza kuna kitu utakisikia." Akatoa simu.

"Kama ni simu, sitaki. Naondoka."

"Unakwenda wapi?"

Fundi akatazama ukuta wa nyuma, akatazama wa kushoto, akatazama nondo. Kutoka dirishani mama yake akacheka, kicheko kifupi ambacho alikigeuza kikohozi.

Bi Keki akabonyeza. Jiko likajaa mlio wa feni, kisha sukari, kisha sukari tena. Fundi akainua kichwa.

"Huyo nani?"

"Wewe."

"Mimi? Nilisema sukari?"

"Mara tano."

"Mbona uliniambia ulinena kama mshairi!" mama akapaza sauti kutoka kwenye nondo. "Uliniambia umemtajia nyota na mwezi!"

"Ndivyo ninavyokumbuka, mama," akasema fundi, na masikio yake yakawa mekundu kama matofali. "Naapa, nyota zilikuwepo."

"Hazikuwepo," akasema Bi Keki. "Zilikuwa kichwani mwako, kama shanga zilivyokuwa kichwani mwangu. Sikiliza."

Chumba kimoja kinalia tupu, simu ikasema. Njoo. Ukipenda. Hakuna aliyecheka tena. Nyuma ya Bi Keki, Shangazi alivuta makamasi. Kisha likaja lile goti kwenye meza, na ile sauti changamfu: Subiri! Usisogee! Bi Keki angeweza kuikata hapo kabla. Aliiacha iseme hadi mwisho, akaitazama sakafu, kisha akazima.

"Ningekufa nikiapa kwamba nilikubali," akasema. "Ningewaapia wajukuu. Simu ndiyo iliyonisuta. Kwa hiyo usiniambie inaua ukweli, fundi, maana leo imeuleta ukweli kwa masikio, tena dhidi yangu. Lakini na wewe ulisema kweli. Ulinitafuta, hukunikuta. Nilikuwa nimeshaenda kwa wanaotazama, na hata hawakuwa wamefika."

"Nilidhani hutaki," akasema fundi polepole. "Nilidhani unataka video tu."

"Nataka video. Nitarekodi harusi, nitarekodi keki yake pande tatu, na wewe utakaa kwenye mwanga nikikwambia. Siwezi kukudanganya hapo, ndivyo nilivyo." Akageuka, akamkabidhi Shangazi simu bila kumtazama. "Lakini hii si ya kurekodi. Hii ni ya kwako. Yavue masikio kofia."

"Nimeshaivua."

"Ndiyo," akasema Bi Keki.

Jibu hakulipamba. Lilitoka lilivyo, na lilipotoka alihisi meza yote ya moyo wake ikitulia miguu minne.

"Ndiyo. Nitakuja kwenye hicho chumba. Hakitalia tena."

Sasa, huyu fundi ni mtu ambaye hajawahi kukanyaga kigae kibichi maishani mwake. Mtu ambaye aliwahi kumfukuza paka mtaa mzima kwa sababu ya unyayo mmoja. Fundi Taratibu akaweka mwiko chini. Akasimama. Akanyanyua mguu.

"Wewe!" mama akapiga yowe. "Wewe! Jiko langu! Usithubu..."

Kigae cha kwanza kikazama na mlio wa kunyonya. Cha pili kikateleza. Vijiti vya plastiki vikaruka kama panzi. Fundi Taratibu akavuka jiko lile kwa hatua kubwa, bila taratibu yoyote, gundi ikimfuata kwenye viatu, na alipofika kizingitini akasimama karibu kiasi kwamba Bi Keki aliweza kuona saruji kwenye kope zake.

"Vigae vyako!" akanong'ona.

"Vigae vinarudiwa."

"Ulisema havirudiwi."

"Nilikuwa na hasira." Akamshika mikono yote miwili kwa mikono yake iliyojaa gundi, na mikono ile ikashikana kwelikweli, maana gundi ile ilikuwa ya daraja la kwanza. "Sema tena."

"Niseme nini?"

"Ile."

"Unataka nirudie?" Macho ya Bi Keki yakacheka kabla ya mdomo. "Chote?"

"Chote. Anzia popote."

"Ndiyo," akasema, na akasikiliza lilivyolia. Halikulia tupu. "Ndiyo," akasema tena, na mara hii lilikuwa zito zaidi ya lile la kwanza, ndipo wote wawili wakajua kwamba yapo maneno ambayo kadiri unavyoyarudia ndivyo yanavyoshika.

"Jamani!" Shangazi akapiga paja. "Nimeshika simu mbili na sikurekodi hata moja! Fundi, mwanangu, rudi kule kwenye kona mara moja tu..."

"Akirudi kule," mama akanguruma kutoka dirishani, "atamalizia jiko lililobaki!"

Sakafu ilitandikwa upya, safari hii kutoka ukutani kurudi mlangoni. Yote, isipokuwa kigae kimoja. Kile cha mwisho, karibu na kizingiti, pale alipokanyaga kwa nguvu zaidi kabla ya kusimama, mama alikataa kisiguswe. Kimezama upande mmoja. Kila mgeni anayekuja lazima apelekwe jikoni, anyamazishwe, mama ainame na kijiko cha mbao, akigonge, na kigae kilie tupu.

"Umesikia?" huuliza. "Hapo ndipo mwanangu alipooa."

Siku moja alimwita mkwe wake, ambaye alikuwa amekuja na keki ya jaribio.

"Hebu lete hiyo simu yako. Nataka dada yangu aone hiki kigae. Simwelezi akaelewa."

"Nikipige picha ya mbele au ya juu, mama?"

"Nasikia huwa ni pande tatu. Usinipunje."

Bi Keki akapiga magoti, akafuta kioo cha kamera kwa ncha ya aproni, akarekodi. Mama akainama, akagonga. Bi Keki akatazama simu, akauma mdomo.

"Rudia, mama. Sauti haikunasa vizuri."

Mama akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akarekebisha kilemba chake, akasogea kwenye mwanga, akainua kijiko.